Tuipime Kwanza: Seva ya Seminari na Fedha za Waamini



Katika mchango wa Jumapili ya Mchungaji Mwema, waamini wa parokia mbalimbali walitoa fedha kwa ajili ya malezi ya majandokasisi, na uongozi wa seminari ukatenga sehemu ya fedha hizo kwa ajili ya chumba cha kompyuta. Tangu hapo, kila tunapokwenda likizo tunaulizwa: "Frateri, ile kompyuta kubwa mliyotutangazia imeshafika?" Aliyetuuliza hivyo mara ya mwisho ni mama mmoja anayeuza dagaa sokoni, na tunajua kwamba noti aliyoitoa siku ile haikuwa ya ziada. Ana haki ya kujibiwa. Jibu fupi ni kwamba haijanunuliwa, na huenda isinunuliwe. Jibu refu ndilo makala hii, ambayo sisi mafrateri wanne wa idara ya kompyuta, wanafunzi wa falsafa, tumeombwa tuiandike kwa lugha ambayo hata asiyewahi kushika kompyuta ataifuata.

Seva ya mafaili ni kabati la pamoja. Badala ya kila frateri kuhifadhi kazi yake katika kompyuta aliyoikalia leo, ambayo kesho itakaliwa na mwingine, kazi zote hukaa katika mashine moja iliyo kwenye chumba kidogo nyuma ya maktaba, na kompyuta nyingine hulifikia kabati hilo kwa waya. Utaratibu tunaoutumia huitwa NFS. Ulibuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani katikati ya miaka ya 1980, na maelezo yake yalitolewa hadharani mwaka 1989 ili kila mtu aweze kuutumia. Kompyuta inapohitaji kitu hutuma ombi, na seva hujibu. Katika makala hii, basi, "maombi" ni maombi ya namna hiyo. Tunaomba mtuvumilie, maana hata sisi tulicheka tulipoandika kwenye ubao wa chumba cha kompyuta kwamba seva inapokea maombi mengi kuliko inavyoweza kuyajibu, na Padre mlezi wa kiroho akapita akasoma.

Tatizo letu lilikuwa la kawaida. Siku za katikati ya wiki mambo yalikwenda. Lakini usiku wa kuamkia siku ya kukusanya insha, wakati wa masomo binafsi, kompyuta zote kumi na nane zikiwa na watu, kuhifadhi ukurasa mmoja kulichukua muda wa kusali Salamu Maria tatu. Kufungua kitabu kilichopigwa picha kutoka maktaba kulikuwa kubaya zaidi. Wapo walioacha kabisa kutumia kabati la pamoja wakawa wanatembea na vijiti vya kuhifadhia mafaili mfukoni, na vijiti hupotea, hufuliwa pamoja na suruali, huleta virusi.

Akaitwa fundi kutoka duka moja mjini. Aliitazama seva kwa muda usiozidi dakika kumi, akauliza ina umri gani, akatikisa kichwa, na wiki iliyofuata akaleta karatasi ya bei ya seva mpya. Bei hiyo ingemaliza fedha yote iliyotengwa na kudai nyongeza. Sisi wenyewe tulikuwa tayari kuikubali. Mashine mpya, nani asiyeitaka? Padre Mhazini aliisoma karatasi, akaiweka mezani, akatuuliza swali moja tu: "Mmejuaje kwamba kinachochelewesha ni seva?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Fundi hakupima chochote. Alichotupa ni maoni, nasi katika mwaka wa kwanza wa falsafa tulikwisha kufundishwa na Plato tofauti kati ya maoni na maarifa. Tulikuwa tumeandika mtihani juu ya tofauti hiyo, na baadhi yetu tulipata alama nzuri. Sasa ilikuja mlangoni ikiwa na muhuri wa duka na bei kwa shilingi.

Tukaomba wiki sita.

Kupima seva kunaonekana rahisi: chukua faili kubwa, linakili, tazama saa. Tulipoanza kusoma yaliyoandikwa na waliotutangulia tuliona kwamba jambo hili limewasumbua watu wenye akili kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwanzoni kila kampuni ilijisifu kwa kipimo chake. Kisha wahandisi wa kampuni sita zilizoshindana sokoni, Legato, Auspex, Digital, Data General, Interphase na Sun, walikaa pamoja wakatengeneza kipimo kimoja, wakakiita LADDIS kwa herufi za kwanza za majina ya kampuni zao. Mwaka 1993 shirika la SPEC, linalosimamia vipimo vya kompyuta, lilikitoa rasmi. Kilichotuvutia zaidi humo ni mchanganyiko wa maombi. Mtu angedhani seva ya mafaili hushinda ikisoma na kuandika. Katika kila maombi 100 ya LADDIS, kusoma ni 22 na kuandika ni 15. Yaliyo mengi kuliko yote, 34, ni ya kutafuta jina la faili tu, na mengine 13 ni ya kuuliza sifa zake: ni kubwa kiasi gani, ni la nani, lilibadilishwa lini. Ni kama karani wa masjala ambaye muda wake mwingi hauishii katika kusoma majalada, unaishia katika kuyatafuta.

Na hata kipimo hicho cha pamoja hakikubaki salama. Toleo lililotolewa mwaka 1997 liligundulika baadaye kuwa na kasoro katika namna lilivyochagua mafaili ya kugusa, na toleo lililosahihishwa likatolewa mwaka 2001. Mwaka 2008 watafiti wanne, Avishay Traeger, Erez Zadok, Nikolai Joukov na Charles Wright, walichapisha uchunguzi wa vipimo 415 vilivyotumika katika makala 106 za kitaaluma, wakaona kwamba vilivyopendwa zaidi vingi vilikuwa na kasoro, na kwamba makala nyingi hazikumwonyesha msomaji utendaji halisi wa mfumo. Hao ni wataalamu, si mafundi wa duka. Tulipomweleza Padre Mhazini, alisema kwamba basi naye fundi wetu asihukumiwe vikali sana.

Chanzo kikubwa cha udanganyifu ni kumbukumbu. Seva ikishasoma faili mara moja, hulibakiza katika kumbukumbu yake ya haraka. Ukilisoma mara ya pili huipimi diski tena, unapima kumbukumbu, na jibu linaweza kuwa zuri mara nyingi kuliko hali halisi. Kompyuta inayouliza nayo ina kumbukumbu yake, kiasi kwamba unaweza "kupima seva" mchana kutwa na seva yenyewe isiguswe hata mara moja. Kwa hiyo kabla ya kila jaribio ni lazima kusahaulisha pande zote mbili: kulifunga kabati na kulifungua upya upande wa kompyuta, na kufuta kumbukumbu ya muda upande wa seva. Halafu jaribio moja halitoshi. Ukipima mara tano utapata majibu matano, na unahitaji njia ya kusema majibu hayo yanakubaliana kwa kiasi gani. Njia tuliyoitumia ilichapishwa mwaka 1908 na William Gosset, mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, aliyeandika kwa jina la "Student". Wenzetu wa bwalo la chakula walipopata habari kwamba takwimu zetu zinatokana na bia, heshima ya idara ya kompyuta ilipanda.

Hapo ndipo ulipojitokeza ugumu wa kweli, nao ni wa ratiba. Seva haiwezi kupimwa wakati watu wanaitumia, kwa maana utakuwa unapima msongamano wao na wako kwa pamoja. Haitumiki usiku tu, baada ya Sala ya Usiku. Lakini baada ya Sala ya Usiku kuna ukimya mkuu, na frateri anatakiwa awe kitandani, si nyuma ya maktaba akiwa na saa ya kuhesabia sekunde. Tungeweza kuomba ruhusa. Tulijadiliana tukaona kwamba kuomba ruhusa ya wiki sita za kukesha ni kuomba tusinzie wiki sita kwenye Misa ya asubuhi.

Na tukikubali ukweli, mtu anayekesha ni mpimaji mbaya. Saa saba za usiku ataruka hatua moja. Ataona jibu asilolipenda, aseme "hili lilikosewa," arudie. Akiona analolipenda hatarudia. Hatasema uongo, ila upendeleo wake utakuwa umeingia katika hesabu bila hata yeye kujua. Mwenzetu mmoja aliyesomea diploma ya TEHAMA kabla ya kuitikia wito aliandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzitekeleza yenyewe moja baada ya nyingine. Saa tano usiku skripti iliziamsha kompyuta kumi na nane kupitia mtandao. Ilihakikisha hakuna mtu aliyeingia katika mfumo. Ilisahaulisha kumbukumbu, ikatuma mzigo, ikaandika muda wa majibu, ikarudia. Pembeni ya kila jibu iliandika hali ya seva wakati huo: toleo la Linux, mipangilio yote, hata tarehe na saa ambayo umeme ulikatika. Umeme ukikatika katikati, jaribio lile lilitupwa zima na kuanzwa upya usiku uliofuata. Saa kumi alfajiri ilizima kompyuta zote, na sisi tulikuta majibu baada ya kifungua kinywa.

Wasomaji wengine watauliza ni mzigo gani tuliutuma. Kwa wiki mbili za kwanza hatukupima kitu, tuliihesabia seva maombi yake ya kila siku ili kujua kazi yake halisi ni ipi. Kipimo cha kampuni za Marekani kinaiga kazi za kampuni za Marekani. Hapa kwetu kuna insha ndogo ndogo nyingi zinazohifadhiwa kila baada ya dakika chache, kuna vitabu vizito vya maktaba vinavyosomwa bila kuandikwa, na kuna hesabu za ofisi ya Mhazini. Aristoteli, mwanzoni kabisa mwa kitabu chake cha maadili kwa Nikomako, anasema mtu mwenye elimu hudai uhakika kwa kadiri ambayo jambo lenyewe linaruhusu. Tulimsoma juu ya siasa na maadili. Hatukutarajia atufae kwenye diski.

Lakini usiku una saa tano tu za kazi, na mchanganyiko wa mipangilio ni mwingi mno. Ukitaka kujaribu kila kiasi cha mzigo, kwa kila mpangilio, mara kumi kila kimoja, wiki sita hazitoshi, wala mwaka. Hapa tulisaidiwa na makala moja ya mwaka 2008 kutoka Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, iliyoandikwa na Piyush Shivam, Jeff Chase, Shivnath Babu na wenzao, kuhusu suala hili hasa: kuiachia programu iamue yenyewe jaribio lipi lifuate, nao walilijaribu wazo lao kwa seva ya NFS kama yetu. Wanachokitafuta ni kilele, yaani wingi wa maombi kwa sekunde ambao seva inaweza kuubeba kabla muda wa kusubiri haujavuka kikomo ulichokiweka. Mbali na kilele, majaribio machache yasiyo na uhakika mkubwa yanatosha kukuambia kwamba hapa si penyewe, endelea. Karibu na kilele ndipo majibu yanapoyumba, na ndipo panapostahili marudio mengi. Kwa hiyo skripti yetu iliongeza mzigo maradufu mpaka seva ilipolemewa, kisha ikarudi nusu ya njia, kisha nusu ya nusu, na muda mwingi wa usiku ikautumia pale penye shaka. Mama anayeonja chumvi ya mchuzi hufanya hivyohivyo. Haonji maji kabla ya kutia chumvi.

Majibu ya kwanza kueleweka yalikuwa ya kusoma vitabu. Kompyuta moja ikisoma peke yake ilipata kama megabaiti 11 kwa sekunde. Kompyuta nne zikisoma pamoja, zote kwa jumla zilipata kama megabaiti 11. Kumi na nane: 11. Mstari ulikuwa umenyooka kama sakafu ya kanisa. Ndani ya seva yenyewe, diski ileile ilisoma zaidi ya mara kumi ya hapo. Yeyote anayejua hesabu za mitandao atakuwa ameshatabasamu: swichi yetu, kile kisanduku kinachounganisha nyaya zote, ilikuwa ya zamani, ya megabiti 100 kwa sekunde. Gawanya kwa nane upate megabaiti 12 na nusu, kisha ondoa bahasha ambazo kila ujumbe hufungwa ndani yake. Tungenunua seva ya bei yoyote ile duniani, vitabu vingefunguka kwa mwendo uleule. Swichi mpya ya gigabiti pamoja na nyaya zake haikufika hata sehemu ya ishirini ya bei iliyokuwa kwenye karatasi ya fundi.

Kwenye kuandika, hali ilikuwa tofauti, na hapa tunaomba wasomaji wakae nasi kidogo, kwa sababu ndipo tulipobishana hadi leo.

Seva yetu ina diski ya kuzunguka, mizunguko 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde. Kompyuta inapohifadhi insha, seva huiandika kwanza kwenye diski, husubiri diski izunguke mpaka mahali panapotakiwa, kisha ndipo hujibu: tayari. Kompyuta kumi na nane zikihifadhi kwa pamoja, foleni inakuwa ndefu. Tulijaribu kuongeza wahudumu wa ndani wa seva kutoka 8, kiwango ambacho Linux ilikuja nacho kwa miaka mingi, hadi 32. Mabadiliko yalikuwa madogo, kwa kuwa wahudumu wote walikuwa wanasubiri diski ileile moja.

Kisha skripti ikafika kwenye mpangilio uitwao "async", na asubuhi ile tuliona kilele kimepanda zaidi ya mara kumi. Mmoja wetu alipiga makofi. Bila senti moja! Neno moja tu limebadilishwa katika faili la mipangilio.

Neno hilo linafanya nini? Linaiambia seva ijibu "tayari" mara tu inapoipokea kazi kwenye kumbukumbu, kabla haijafika kwenye diski. Itaiandika baadaye, sekunde kadhaa zikipita. Kwa kawaida ya Linux inaweza kukaa hadi sekunde 30 hivi kabla ya kuhesabiwa kuwa imechelewa kuandikwa. Umeme ukikatika ndani ya sekunde hizo, kumbukumbu inafutika. Frateri alikwisha kuambiwa kazi yake imehifadhiwa. Amezima kompyuta, amekwenda kulala kwa amani.

Tuliuomba uongozi ruhusa ya jaribio moja zaidi, wakati wa likizo fupi, kwa mafaili ya kubuni. Kompyuta ziliandika mistari yenye namba, na kila moja ilitunza upande wake orodha ya namba ambazo seva imekwisha kujibu "tayari". Katikati ya kazi tukachomoa waya wa umeme wa seva. Tulifanya hivyo mara nyingi, kwa mipangilio yote miwili, na skripti ikalinganisha orodha na kilichokutwa kwenye diski. Kwa mpangilio wa zamani, kila namba iliyojibiwa "tayari" ilikutwa. Kwa "async", kila mara tulipochomoa kulikuwa na mistari iliyojibiwa na haikuwepo.

Jalimu wetu wa maadili aliposikia alitupa kazi ya darasani: je, mashine inaweza kusema uongo? Tulirudi kwa Mtakatifu Augustino, aliyeandika kitabu kizima juu ya uongo, na kwake mwongo ni yule aliye na jambo moja moyoni na kutamka jingine akikusudia kudanganya. Seva haina moyo wala kusudi, kwa hiyo haiwezi. Ila aliyeandika lile neno kwenye faili la mipangilio ana kusudi, na anajua. Akijua kwamba frateri anaelewa "tayari" kuwa na maana ya "iko salama," naye akaifanya seva itamke "tayari" wakati haiko salama, basi tamko lile ni la nani? Wengi darasani tulisema ni la kwake. Wachache walisema mtumiaji akishaelezwa wazi maana mpya ya neno, hakuna uongo tena. Tunakiri hoja hiyo ina nguvu, na kwa sababu yake tumefungua folda moja iitwayo Meza ya Muda, yenye "async", na jina lake linaeleza hali yake. Vitu vinavyoweza kupotea bila machozi huwekwa humo. Insha na hesabu za ofisi hazimo.

Mwenzetu wa TEHAMA bado ana shaka na uamuzi huo. Anasema ukinunua betri ya akiba ya kuishikilia seva umeme unapokatika, hatari imekwisha, na kasi tunaitupa bure. Wengine tunamjibu kwamba umeme sio kitu pekee kinachoiangusha seva. Programu nazo huanguka, na betri huzeeka kimyakimya. Yeye anajibu kwamba kwa mantiki hiyo hata diski huzeeka. Hajashindwa, nasi hatujashindwa. Mtakatifu Tomaso anapochambua busara huweka ndani yake kumbukumbu ya yaliyopita na utayari wa kufundishwa na wengine, na pengine tutahitaji vyote viwili kabla ya Pasaka.

Tulipeleka kurasa nne kwa Baba Gombera, pamoja na grafu. Alizisoma mbele yetu polepole, akatuuliza nini maana ya mstari ulionyooka, akaelewa kabla hatujamaliza kueleza. Uamuzi wake ni huu: swichi na nyaya zimekwisha kununuliwa na vitabu vinafunguka vizuri. Betri ya akiba imeagizwa. Diski moja isiyozunguka, kwa ajili ya insha tu, itanunuliwa baada ya skripti kuipima ya kuazima kwa usiku tatu. Seva ya zamani inabaki. Fedha iliyobaki, ambayo ni sehemu kubwa, imerudi kwa Padre Mhazini, na tumesikia anaitazama pampu ya kisima, ambayo nayo imeelezwa na fundi kwamba imekufa. Ametuuliza kama skripti yetu inaweza kupima pampu. Tumemwambia tutaangalia.

Majibu yote, mazuri na mabaya, yamebandikwa kwenye mlango wa chumba cha kompyuta, pamoja na bei ya kila kilichonunuliwa. Mwamini yeyote anayepita seminari anakaribishwa ayasome, na akimkuta mmoja wetu ataelezwa. Mafrateri wawili wa mwaka wa kwanza wameanza kujifunza kuiendesha skripti, maana sisi mwakani, Mungu akipenda, tutakwenda teolojia. Kipimo kinachofuata ni usiku wa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, umeme ukiwepo.